Siku Kijiwe Kilipoipigia Kura Kalkuleta

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Mlango mzima wa mbao ngumu, uliookolewa kwenye nyumba iliyovunjwa kupisha barabara, ukalazwa juu ya matofali kando ya ukuta wa bucha, ukitazama njia panda. Tundu la kitasa bado lilikuwapo, na wenyeji walijua kulikwepa; mgeni alikaa hapo hapo, akahamahama kidogo, akanyamaza. Upande mmoja palikuwa na kibanda cha Funguo, fundi wa kufuli na kuchonga funguo, na upande wa pili Mama Chupa alipanga machupa yake mawili makubwa ya kahawa, moja ya wanaolipa na moja ya wanaosema watalipa. Kila asubuhi dunia ilitengenezwa upya kwenye mlango ule, na kila jioni ilibaki vile vile. Lakini Jumamosi ninayoisimulia watu walikaa mapema kuliko kawaida, kwa sababu mtahiniwa alikuwa ameshaingia chumba cha mtihani.

Mtahiniwa alikuwa mdogo wake Funguo. Tangu mama yao alipofariki, Funguo ndiye aliyekuwa baba, mama na kaka kwa wakati mmoja, na zote tatu alizifanya kwa swali moja tu: "Umekula?" Msichana alikua, akamaliza shule, akapata kazi kwenye duka la rangi la mtaa wa pili, akawa anarudi jioni na matone meupe kwenye nywele. Miaka miwili nyuma alijaribu mtihani wa kuingia chuo, akaukosa. Siku majibu yalipotoka hakulia. Alideki nyumba nzima, akafua mapazia, akalala ameelekea ukutani. Funguo aliuona ule mgongo mpaka asubuhi, na tangu hapo alikuwa tayari kufanya lolote asiuone tena. Hilo neno "lolote" ndilo lililoleta maneno.

— Saa hizi wameshagawiwa karatasi, alisema Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mlinzi wa geti la chuo mpaka alipostaafu, na kwa kuwa kila aliyesoma pale alipita kwanza mbele yake, alihesabu kwamba wote ni wanafunzi wake.

— Pamoja na ile ya fomula? aliuliza Kilo.

Kilo ndiye mwenye bucha. Alikuwa amesimama mlangoni kwake na aproni, akijifuta mikono taratibu. Hata maneno aliyatoa taratibu, kama anayetafuta kipande cha kujazia mizani.

— Ipo ukurasa wa kwanza, alisema Funguo. Mwaka huu hawakaririshi tena. Eneo la duara, eneo la pembe tatu, zote wameziandika. Na kalkuleta wanaruhusu.

— Hapo ndipo penye shaka, alisema Profesa. Hebu tulia ufikiri. Mtu anataka kukutahini. Anakupa fomula. Anakwambia njoo na mashine ya kukokotoa. Sasa kimebaki nini cha kukutahini?

— Moyo, alisema Mama Chupa, akimimina.

— Adabu. Wanapima adabu. Karatasi ya fomula imewekwa pale kama sinia la wageni. Msimamizi anapita kimya kimya. Anayeichungulia sana anawekewa alama.

— Alama ya kupata?

— Alama ya kuchunguzwa.

Funguo aliendelea kusugua ufunguo kwa tupa. Mfukoni mwa suruali yake kulikuwa na kitu kigumu, kilichombana paja kila alipoinama, na tangu alfajiri kilikuwa kama kinazidi kuwa kikubwa.

— Mimi naona tofauti, alisema Kilo. Si adabu. Kati ya zile fomula, moja ni ya uongo. Wameichomeka makusudi. Mimi mwenyewe nikipata mizani mpya huwa naweka jiwe ambalo silo, nione kama mteja atashtuka.

Mama Chupa aliinua uso.

— Unafanya hivyo?

— Nilikuwa natoa mfano.

— Jumatano ulinipimia maini.

— Mama Chupa, tunazungumzia elimu hapa.

— Kama kuna ya uongo, alisema Profesa, itakuwa ya pembe tatu. Pembe tatu haina kazi duniani. Nitajie mtu mmoja mwenye kiwanja cha pembe tatu.

— Shemeji yangu, alisema Mama Chupa. Barabara ilipopita, kikabaki cha pembe tatu.

— Na alikipimaje?

— Alikiuza.

— Basi, alisema Profesa, akanyoosha kikombe kujaziwa, kwa sura ya mtu aliyeshinda kesi.

Mpaka hapo yalikuwa maneno ya kawaida ya kijiwe, ya kupitishia kahawa. Kilichoyabadilisha ni Funguo mwenyewe. Aliweka tupa chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalkuleta, akaiweka juu ya mlango, katikati ya vikombe. Ilikuwa ile nyembamba nyeusi, yenye vitufe vidogo vidogo vingi kama mbegu. Wote waliijua. Waliichunguza jana yake jioni mpaka giza lilipoingia.

— Hiyo si ya Mtahiniwa? aliuliza Mama Chupa.

— Ndiyo yake.

— Sasa yeye ameingia na nini?

— Na ya Kilo, alisema Funguo.

Ili ueleweke mkasa huu lazima nikurudishe Ijumaa. Mtahiniwa alipita kijiweni akitoka kazini, akakaa kidogo kunywa kahawa, akaitoa kalkuleta yake kuwaonyesha kwa sababu walimwomba. Kisha akaenda kupika, akaiacha kwa kaka yake. Ndipo Profesa akavaa miwani yake na kuanza kusoma vitufe.

— Hii imeandikwa sin.

— Hiyo ni dhambi, alisema Kilo. Kizungu cha kanisani. Hiyo naijua.

— Dhambi inatafuta nini kwenye hesabu?

— Muulize aliyeitengeneza.

— Inayofuata ni cos.

Walifikiri kidogo.

— Kosa, alisema Kilo. Dhambi, halafu kosa. Zinafuatana.

— Na hii tan?

— Tani. Tani moja ni kilo elfu. Hapo kidogo wamerudi kwenye akili.

Profesa aliisogeza mashine karibu na taa ya bucha.

— Na hii, alisema kwa sauti ya chini, hii imeandikwa log.

Mama Chupa alivuta kanga yake mabegani.

— Loga, alisema mwishowe. Mnaogopa nini kutamka? Imeandikwa loga.

Basi wakaamua kuipima mashine yenye dhambi, kosa na kitufe cha kulogea, kabla msichana wa watu hajaingia nayo kwenye mtihani. Kilo akaleta kalkuleta yake ya bucha, pana kama tofali, yenye vitufe vikubwa na mafuta ya ng'ombe kwenye alama ya sawasawa. Wakachagua hesabu nyepesi: mbili, jumlisha tatu, mara nne. Funguo akabonyeza ya mdogo wake. Ikasema kumi na nne. Kilo akabonyeza ya kwake. Ikasema ishirini.

Wakarudia. Kumi na nne. Ishirini. Wakabadilishana mashine, isije ikawa ni vidole. Kumi na nne. Ishirini.

— Moja inadanganya, alisema Profesa.

— Yangu imefanya kazi bucha tangu tulipofungua, alisema Kilo. Hakuna aliyewahi kulalamika.

— Mimi nimelalamika, alisema Mama Chupa.

— Kuhusu kalkuleta?

— Kuhusu bucha.

Profesa alinyoosha kidole.

— Tufikiri kisomi. Kwenye mtihani mtu anatafuta nyingi au chache?

— Nyingi.

— Kati ya kumi na nne na ishirini, nyingi ni ipi?

Wakapiga kura. Mama Chupa alisema yeye anaosha vikombe, wasimhesabu. Mikono mitatu iliinuka kwa ishirini, na mmojawapo ulikuwa wa Funguo, ingawa uliinuka mwisho na haukufika juu sana.

Asubuhi, mdogo wake alipokwenda kuoga, Funguo aliufungua mkoba wake. Aliitoa ile nyembamba nyeusi. Akaingiza ya Kilo, akaifunga kwanza kwenye mfuko safi wa nailoni ili mafuta yasichafue karatasi. Alifanya kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Msichana alitoka bafuni, akavaa, akabeba mkoba, akasema mbona mzito, na kaka yake akamjibu ni woga tu, utapungua njiani. Akamuuliza kama amekula. Msichana akaondoka.

Hayo ndiyo Funguo aliyowasimulia asubuhi ile ya Jumamosi, na alipomaliza alingoja wampongeze. Kwa muda mfupi walimpongeza. Kilo alimshika bega. Kisha Profesa akakohoa.

— Ila mimi, kwa kumbukumbu sahihi, nilisema ishirini ni nyingi. Sikusema ni sahihi.

— Uliinua mkono, alisema Funguo.

— Nilikuwa nanyoosha bega. Lina baridi yabisi.

— Kilo, na wewe?

Kilo aliitazama mizani yake kwa ndani, kama vile imemwita.

— Mimi mashine yangu naiamini kwenye nyama, alisema. Mtihani sina hakika kama wanauliza nyama.

Mpaka dakika ile Funguo alikuwa anaibeba siri yake kama zawadi. Sasa aliitazama kalkuleta nyeusi juu ya mlango, akaona pembeni yake kipande cha plasta ambacho mdogo wake alikibandika kushikia kifuniko cha betri, na juu ya plasta tone dogo la rangi ya samawati. Ameishika kila usiku, alifikiri. Kila usiku nasikia karatasi zinageuzwa, na vile vitufe vinalia kidogo kidogo kama panya, nami nageuka upande wa pili nalala.

Wenzake waliiona sura yake, na kwa kuwa walimpenda, walijaribu kumtuliza kwa njia pekee waliyokuwa nayo.

— Usiogope, alisema Profesa. Kwanza zile kalkuleta za kitaalamu zina kumbukumbu. Umeona kile kitufe cha M? Kila unachouliza kinahifadhiwa. Mtihani ukiisha, chuo kinakaa na mashine kinaiuliza: huyu alikuuliza nini? Nayo inataja. Kwa hiyo umemwokoa.

— Hata yangu ina M, alisema Kilo.

— Yako M ni ya mifupa.

— Na pengine, Kilo aliendelea, akijikaza, pengine wasimamizi wakiona mashine ya bucha watasema huyu ni mtu wa kazi. Hajaja kwa kitabu tu. Watampa na alama za jasho.

— Zipo hizo?

— Lazima zipo. Wanaoingia wote wangekuwa wanasahihishiwa kwa akili tu, nani angeingia?

— Isitoshe, alisema Profesa, mtihani wenyewe hausahihishwi hapa. Karatasi zinapelekwa mbali. Kuna watu wanakaa chini ya ardhi, hawajui jua limetoka au limezama, kazi yao ni tiki tu. Kule chini joto ni kali, na karatasi zikipata joto, kumi na nne inapanuka. Mpaka ikifika mwisho ni ishirini. Ni sayansi.

— Umewaona? aliuliza Mama Chupa.

— Nililinda geti lao.

— Chini ya ardhi?

— Geti lilikuwa juu.

Wakati huo wote palikuwa na mwanamke amekaa kwenye benchi, juu kabisa ya tundu la kitasa. Alikuwa mgeni mtaani, amehamia nyumba ya nyuma ya soko wiki ile, na alikuja na kufuli ambalo ufunguo ulivunjikia ndani. Funguo alimwambia angoje kidogo, naye alingoja. Alinunua kahawa, akalipa. Alisikiliza habari ya fomula, ya dhambi na kosa, ya kura, ya mashine ya bucha, ya watu wa chini ya ardhi, akigeuza kichwa kwa kila aliyesema. Hakucheka. Alipoona wamevuta pumzi, aliweka kikombe chini.

— Samahani, alisema. Huyo dada anakwenda kusomea nini?

Profesa ndiye aliyefungua kinywa kwanza, kwa mazoea.

— Chuo.

— Nimesikia chuo. Nauliza huko chuoni atasomea nini.

— Elimu ya juu.

— Juu ya nini?

Profesa aliinua kikombe, akakikuta kitupu, akakinywa hivyo hivyo.

— Hesabu, alisema Kilo. Si ndiyo anafanyia mtihani?

— Kila anayeingia chuo anafanya hesabu, alisema yule mwanamke. Wa uuguzi anafanya, wa ujenzi anafanya.

Kilo alirudi ndani ya bucha, akapanga vizuri ndoano ambazo zilikuwa zimepangika. Mama Chupa alisema kwamba kwa hakika aliwahi kumsikia akitaja, ila siku hiyo palikuwa na kelele. Ndipo yule mwanamke akamgeukia Funguo. Hakumgeukia kwa ubaya. Aligeuka tu kama anayetafuta duka lingine baada ya la kwanza kukosa bidhaa.

— Si wewe ndiye kaka yake?

— Ndiye mimi.

Mwanamke alingoja. Gari la maji lilipita, likazunguka njia panda, likaenda zake. Pale kijiweni hakuna mtu aliyekuwa na desturi ya kusema "sijui". Neno lenyewe halikuwa na mahali pa kukaa. Kwa hiyo hakuna aliyelisema, na kahawa ikasikika ikidondoka kwenye bomba la chupa.

Funguo alichukua kufuli la mwanamke. Alichomeka waya wa chuma, akatega sikio, akazungusha mara moja kushoto, akavuta kipande cha ufunguo kilichovunjika, akamwekea kiganjani. Kazi hiyo alikuwa anaijua. Kisha akashusha turubai la kibanda chake, jambo ambalo halijapata kutokea Jumamosi asubuhi, akaitwaa kalkuleta nyeusi.

— Kilo, niangalizie.

— Unakwenda wapi?

— Kuuliza.

Nje ya geti la chuo palikuwa na kivuli kidogo na wazazi wengi. Mlinzi mpya, kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, aliwakataza kuegemea ukuta. Funguo alisimama kwenye jua. Alijaribu kukumbuka kitu chochote ambacho mdogo wake aliwahi kumwambia kuhusu chuo. Alikumbuka alivyomwambia siku moja, kaka, sikiliza hiki kitu, na yeye akamjibu ngoja nimalize hili kufuli. Hakukumbuka kama alimaliza.

Watahiniwa walipoanza kutoka, walitoka kwa makundi wakibishana majibu. Mdogo wake alitoka peke yake. Alitembea kwa kawaida, mkoba begani, na uso wake haukusema kitu.

— Kaka? Kibanda umemwachia nani?

— Kilo.

— Kilo anauza nyama.

— Leo na kufuli.

Alimtazama tena. Funguo alitoa ile kalkuleta mfukoni, akamnyooshea. Alisema ukweli wote kwa mara moja, bila kuupanga.

— Nilizibadilisha mimi. Yako ilisema kumi na nne. Walipiga kura.

— Kina nani?

— Kijiwe.

— Na mimi mlinihesabu?

Funguo alitikisa kichwa. Msichana aliipokea kalkuleta yake, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaitia mkobani, akaitoa ile ya Kilo na mfuko wake wa nailoni, akamkabidhi. Wakaanza kutembea. Wakavuka barabara.

— Nilifungua mkoba tumeshakaa, alisema. Kila mtu ametoa ya kwake. Nikatoa hilo tofali. Msimamizi akaja, akaliinua, akalinusa, akalirudisha mezani bila kusema neno. Aliyekaa nyuma yangu aliniuliza kama nimekuja kutahiniwa au kukusanya oda.

— Nisamehe, mdogo wangu.

— Ngoja nimalize. Mwanzo nilitaka kulia. Namba yangu ya mtihani nikaiandika mara mbili. Halafu nikakumbuka kwamba mashine ya Kilo haina kosa. Inafuata ulivyobonyeza, basi. Mbili na tatu ni tano, tano mara nne ni ishirini. Kwa nyama inatosha. Lakini hesabu ina utaratibu, kuzidisha kunatangulia. Tatu mara nne kwanza, ndipo unaongeza mbili. Ya kwangu imefundishwa hivyo, ya Kilo haijafundishwa. Basi nikawa naifundisha mimi. Nazidisha kwanza, naandika pembeni, ndipo najumlisha. Fomula zilikuwa pale mbele, sikuwa na haja ya kuzitafuta kichwani.

— Kwa hiyo umeweza.

— Mengi nimeweza. Mawili yalitaka log. Hayo niliyaacha wazi.

Funguo alisimama.

— Kwa sababu yangu.

— Ndiyo, alisema msichana. Kwa sababu yako.

Hakumpunguzia wala hakumwongezea. Funguo alilipokea neno lile akalibeba pamoja na tofali la Kilo, na hatua kadhaa waliendelea hivyo, mmoja mbele kidogo ya mwenzake.

Sitaki uondoke na wasiwasi, kwa hiyo nitakwambia sasa: majibu yalipotoka, alikuwamo. Si kwenye orodha ya kwanza. Ya pili, karibu na mwisho. Kijiweni waligawana ushindi ule kama nyama ya sadaka: Profesa alichukua fomula, Kilo akachukua kalkuleta, na Mama Chupa akakumbusha kwamba yeye hakupiga kura. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, kwenye njia ya kurudi nyumbani, hakuna aliyejua lolote, na Funguo alikuwa bado hajauliza kilichomtoa kibandani.

— Kuna mama mmoja alikuja na kufuli, alianza. Akauliza kitu. Tukashindwa wote.

— Nyinyi? Mlishindwa?

— Aliuliza unakwenda kusomea nini.

Msichana alipunguza mwendo. Alimtazama kaka yake kwa muda, kama anavyotazama rangi iliyochanganywa kabla haijakauka.

— Na wewe ulisema nini?

— Sikusema. Sikuwahi kukuuliza.

— Hukuwahi.

— Nakuuliza sasa.

Walifika kwenye mtaa wa duka la rangi. Lilikuwa limefunguliwa, na mtu alikuwa anatoka na ndoo mbili, akaangalia juu kabla ya kuzipakia kwenye mkokoteni.

— Umemwona? alisema msichana. Kila mtu hufanya hivyo. Ananunua rangi, anasimama mlangoni, anatazama mawingu, kisha ananigeukia mimi. Dada, nikipaka leo, mvua itanyesha? Rangi ya nje ikipata mvua haijakauka, inateremka yote. Mtu ameweka akiba mwaka mzima apake nyumba, unamwona anarudi kesho yake na miguu ya suruali imejaa rangi. Nami nimekaa pale miaka yote, nikiulizwa nasema sijui. Nimechoka kusema sijui, kaka. Nakwenda kusomea hali ya hewa.

— Hali ya hewa, alisema Funguo.

— Kuna watu kazi yao ni hiyo. Wanapima upepo, wanapima unyevu, wanapima uzito wa hewa.

— Hewa ina uzito?

Alitegemea mdogo wake atacheka. Hakucheka. Uso wake ulifunguka, ule uso uliotoka getini bila neno, na mikono ikaanza kwenda juu na chini akieleza jinsi hewa inavyolala juu ya mji kama godoro, jinsi inavyosukumwa ikipata joto, jinsi wingu linavyopanda mpaka linachoka kujibeba. Funguo hakuelewa nusu ya maneno yale. Mara mbili ulimi ulimwasha aseme kuwa na yeye analo lake kuhusu mawingu, alilolipata kijiweni miaka mingi iliyopita. Alilimeza. Aliuliza tu, na halafu? Naye akasema halafu, akaendelea.

Wakatokea njia panda. Pale kwenye mlango Profesa alikuwa ameshasimama, Kilo ametoka na aproni, na Mama Chupa amepindua chupa ya pili kuonyesha kwamba kahawa imekwisha. Yule mwanamke wa kufuli alikuwa bado amekaa.

— Oya! aliita Profesa. Lete habari! Imekuwaje?

— Mashine yangu imesemaje? aliita Kilo.

Funguo aliinua mkono wake mmoja hewani, bila kugeuza kichwa.

— Subirini, alisema. Bado anaongea.